Kisa cha Wimbo wa Tucson: Mchekeshaji Myahudi na Chuki Aliyoiigiza

Mwezi Agosti 2004 kituo cha televisheni cha HBO nchini Marekani kilirusha kipande kifupi cha kipindi cha vichekesho cha Da Ali G Show, na tangu hapo kipande hicho hutajwa karibu kila inapoulizwa kama inafaa kuwachekesha watu kwa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kilirekodiwa katika ukumbi wa muziki wa kantri mjini Tucson, jimbo la Arizona. Mwanamume mwenye masharubu mazito, amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe na kushika gitaa, anapanda jukwaani akijitambulisha kwa jina la Borat, mtangazaji kutoka Kazakhstan, kisha anaanza kuimba. Ubeti wa mwanzo ni malalamiko ya kawaida: nchini kwao kuna tatizo, na tatizo lenyewe ni usafiri, kwa hiyo usafiri utupwe kisimani ili nchi iwe huru. Watu wanafurahi. Baadaye muziki unabaki uleule na maneno karibu yaleyale, ila mlengwa amebadilika: tatizo sasa ni Myahudi, anayechukua fedha za watu asizirudishe, na sasa yeye ndiye wa kukamatwa pembe zake na kutupwa kisimani. Kiitikio kinaporudi, baadhi ya wasikilizaji wanapiga makofi na kuimba pamoja naye.

Aliyekuwa akiimba ni Myahudi. Mchekeshaji Sacha Baron Cohen, aliyemwigiza Borat, alizaliwa London mwaka 1971 katika familia ya Kiyahudi iliyoshika dini, mama yake ni mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Israeli, na bibi yake mzaa mama aliishi Haifa. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilihusu nafasi ya Wayahudi katika harakati za haki za kiraia za Wamarekani weusi. Borat anapodai kuzungumza lugha ya Kazakhstan, kwa sehemu kubwa huwa anazungumza Kiebrania, tena Kiebrania cha mitaani kinachowavunja mbavu watazamaji wa Israeli. Kwa hiyo mhusika anayesema kwamba Myahudi ana pembe anasema hivyo huku akiitumia lugha ya Wayahudi, na mtazamaji anayeijua lugha hiyo anapata nafasi katika mzaha huu ambayo hakuna mtu mwingine anayeipata. Watu wa Tucson hawakuwa nayo.

Maneno ya wimbo hayakuokotwa ovyo. Wakati wa tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349, Wayahudi wa miji mingi ya Ulaya walituhumiwa kutia sumu visima, na Februari 1349 mjini Strasbourg mamia yao walichomwa moto kwa sababu ya tuhuma hiyo. Imani kwamba Myahudi ana pembe nayo ni ya enzi zizo hizo. Katika filamu ya Borat iliyofuata mwaka 2006 kuna tamasha la kijiji ambamo kinyago kikubwa cha Myahudi kinakimbia barabarani. Ukichunguza historia utakuta kwamba katika sherehe za kanivali za Roma, tangu karne ya 15 hadi mwaka 1668, Wayahudi walilazimishwa kukimbia mbele ya umati uliowacheka na kuwazomea. Sijui mtazamaji mmoja kati ya wangapi anatambua hayo, lakini aliyeandika wimbo na tamasha hilo alikuwa amesoma historia, na maelezo yoyote ya kisa hiki yanayomchukulia kama mtu aliyetapika matusi ili achekwe yanamkosea.

Shirika la Anti-Defamation League, lijulikanalo kwa kifupi kama ADL, lilianzishwa Marekani mwaka 1913 kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi. Baada ya kipande cha Tucson kuonyeshwa, lilimwandikia Baron Cohen barua. Mara nyingi barua hiyo inasimuliwa kana kwamba iliandikwa na watu wasiojua kucheka, na hilo si kweli. ADL ilikiri waziwazi kwamba ilielewa nia yake, yaani kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwavuta watu wa kawaida waitikie kibwagizo cha chuki. Hofu yake ilikuwa kwamba kejeli hiyo huenda iliwapita baadhi ya watazamaji, na vibaya zaidi, kwamba wengine waliyapokea maneno ya Borat jinsi yalivyosemwa. Mwaka 2006, filamu ilipokaribia kutoka, shirika hilo lilirudia hoja yake kwamba si kila mtazamaji ana uwezo wa kuung'amua mzaha, na wapo ambao chuki yao itapata nguvu humo.

Jibu la Baron Cohen lilikuja mwaka huohuo katika mahojiano na jarida la Rolling Stone, ambamo alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo wakati huo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Alimweleza Borat kama chombo: kwa kuwa mhusika mwenyewe anawachukia Wayahudi, watu wanaozungumza naye hushusha ulinzi wao na kuonyesha ubaguzi walio nao, au angalau wepesi wao wa kuuvumilia. Akamtaja mwanahistoria Ian Kershaw, mtafiti wa maisha ya Wajerumani wa kawaida chini ya utawala wa Hitler, aliyeandika kwamba njia ya kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ilijengwa na chuki lakini ikasakafiwa na kutojali. Kwa maoni ya Baron Cohen, halikuwa jambo la lazima kila Mjerumani awe na chuki kali. Ilitosha wengi wasijali. Ukumbi wa Tucson ulikuwa picha ya kutojali huko.

Hoja hii ni nzito, na ndiyo sababu ya kuipima kwa makini. Mwandishi Charles Krauthammer, naye Myahudi, aliipinga Novemba 2006 katika gazeti la Washington Post. Aliuliza kama kweli mtu mwenye akili anaweza kuitafuta njia ya kwenda Auschwitz ndani ya baa ya Arizona, katika nchi ambayo kwa maoni yake imewapokea Wayahudi kuliko karibu nchi yoyote nyingine duniani, ilhali chuki ya wazi ilikuwa ikihubiriwa na wakuu wa dola kama rais wa Iran. Waliokuwa ndani ya ukumbi ule huenda walikuwa wamelewa, au walimwonea huruma mgeni, au walitaka tu amalize aondoke.

Mimi naona Krauthammer alikosea kuhusu uzito wa kutojali, lakini alipatia kuhusu udhaifu wa ushahidi. Wimbo una nguvu zake zenyewe. Mtu akishaingia katika kiitikio, mikono inapiga makofi kabla akili haijauliza kinachosemwa, na ubeti wa usafiri uliwekwa pale mahususi ili kuwazoesha wasikilizaji kuitikia. Zaidi ya hapo, kamera ilichagua nyuso, na mhariri akachagua tena katika zile zilizochaguliwa. Mtu mmoja anayeimba kwa furaha anaonekana kwenye picha. Aliyenyamaza kwenye kona na kushangaa haonekani, au anaonekana kwa nukta moja tu. Kutokana na kipande kile tunaweza kusema kwamba kundi la watu walioketi kuburudika halikumzuia mgeni asiimbe upuuzi wa hatari. Hatuwezi kusema wanawachukia Wayahudi, na ni haki yao tusiseme.

Ushahidi ulio bora zaidi uko katika filamu ya 2006, na nashangaa kwamba hautajwi hata nusu ya unavyotajwa wimbo. Borat anaingia katika duka la silaha na kumuuliza muuzaji ni bunduki ipi inayofaa zaidi kujikinga na Myahudi. Hakuna muziki hapo, hakuna pombe, hakuna umati wa kujificha ndani yake. Ni mchana, watu wawili, kaunta katikati yao. Muuzaji anajibu kwa utulivu wa mtu anayeulizwa saizi ya viatu: angependekeza milimita tisa, au ile ya arobaini na tano. Hakuna alama ya chuki usoni pake. Ameambiwa na mteja kwamba silaha ni kwa ajili ya kabila fulani la watu, na lililomjia akilini ni kipimo cha risasi. Mambo ambayo Kershaw aliyachambua katika nyaraka za Bavaria, Ujerumani, yamo katika jibu hilo la sekunde chache, na hakuna awezaye kudai kwamba mdundo ulimponza.

Sasa swali la nani ana haki ya kusema. Watetezi wengi wa Baron Cohen hukimbilia kwenye utambulisho wake: ni Myahudi, kwa hiyo anaruhusiwa. Wayahudi kujicheka wenyewe ni desturi ndefu. Sigmund Freud alipoandika kuhusu mizaha mwaka 1905 alisema hajui kama kuna watu wengine wengi wanaojifanyia mzaha kwa kiasi hicho. Lakini mizaha aliyoifikiria Freud ilisimuliwa kati ya watu waliofahamiana, na msimulizi alijulikana ni nani. Sisi tunaujua utani na masharti yake. Mtani anaweza kuingia msibani, akamcheka marehemu na kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi, kwa kuwa kila aliyepo anajua huyu ni mtani na amepewa ruhusa hiyo na vizazi vilivyotangulia. Mgeni asiyejulikana akifanya vilevile atapigwa. Utani unasimama juu ya kujuana. Katika kisa cha Tucson, kujuana huko kulikuwepo kati ya Baron Cohen na mtazamaji wa HBO aliyemfahamu, na hakukuwepo kabisa kati yake na watu aliowaimbia. Uyahudi wake haukuwa sehemu ya lile waliloliona. Kwao, aliyekuwa jukwaani ni mtu anayewachukia Wayahudi, basi, na kipimo chote kilitegemea wao kubaki hawajui.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba kuwa Myahudi kunatosha kuusafisha wimbo ule. Kinachoutetea ni jinsi ulivyotengenezwa, yaani nani anaishia kuwa mlengwa wa kicheko. Myahudi wa kwenye wimbo ni wa ajabu mno, mwenye pembe na meno ya kuogofya, hata kumcheka yeye hakuwezekani kwa mtu mwenye akili timamu. Kicheko kinamgeukia anayeamini kwamba yupo. Katika filamu ya 2006, Borat na mwenzake wanalala katika nyumba ya wageni ya wazee wawili Wayahudi, wapole, waliowaletea chakula chumbani. Usiku mende wawili wanapita, na wageni hao wanaamini kwamba wenyeji wao wamejigeuza wadudu. Wanawatupia mende noti za dola ili wasidhuriwe, kisha wanakimbia. Wazee hawana doa lolote. Upumbavu wote uko upande wa wanaokimbia.

Hata hivyo, msomaji wa eneo la Maziwa Makuu hawezi kuona binadamu akifananishwa na mende asikumbuke mwaka 1994, wakati redio RTLM ya Kigali ilipowaita Watutsi inyenzi, yaani mende, tena kwa utangazaji uliochangamka, wenye muziki na vichekesho vilivyowafanya vijana waipende. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha ililazimika kupima maneno na hata nyimbo. Desemba 2008 ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15 kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994. Nyimbo zake, ingawa mahakama iliona zilieneza itikadi ya chuki, hazikutosha kumtia hatiani, kwa kuwa haikuthibitika alizitunga kwa lengo mahususi la kuchochea mauaji. Kwa kipimo cha aina hiyo, kinachoangalia kusudi, wakati na kitendo kinachodaiwa kwa msikilizaji, Borat yuko mbali kabisa na uchochezi. Ila ADL haikumtuhumu kwa uchochezi hata siku moja. Ilichouliza ni wimbo utafika wapi baada ya kutoka mikononi mwake.

Swali hilo lilipata jibu ambalo mwaka 2004 hakuna aliyelitazamia. Barua ya ADL iliandikwa kabla ya YouTube kuwepo. Kipande cha Tucson kilirushwa ndani ya kipindi kilichokuwa na mwanzo na mwisho, kwa watu waliojua wanatazama vichekesho. Baada ya miaka michache kilikuwa kikizunguka peke yake, kimekatwa, bila jina la kipindi, na yeyote aliyetaka kuimba kiitikio kwa kumaanisha aliweza kukipata. Tarehe 21 Novemba 2019, mjini New York, ADL ileile ilimtunuku Baron Cohen tuzo yake ya uongozi wa kimataifa. Katika hotuba yake aliutaja ukumbi wa Arizona kwa jina la jimbo, akashikilia kwamba wimbo ulifichua kutojali kwa watu. Kisha akaigeukia mitandao ya kijamii, akaiita mtambo mkubwa wa propaganda kuliko wote katika historia, na akasema kuwa uhuru wa kusema haumpi mtu haki ya kufikishwa kwa kila sikio. Kama Facebook ingekuwepo miaka ya 1930, alisema, ingemruhusu Hitler aweke matangazo ya sekunde 30 kuhusu suluhisho lake kwa Wayahudi.

Wengi waliisikiliza hotuba hiyo kama upatanisho kati ya mchekeshaji na shirika. Mimi nasikia ndani yake kitu kingine: Baron Cohen anaitetea hofu ya ADL ya mwaka 2004, akiielekeza kwa kampuni za teknolojia. Hoja kwamba maneno yakifika kwa mamilioni bila muktadha huwapata wale watakaoyaamini ndiyo hoja aliyoandikiwa yeye. Tofauti ya msingi ipo, na lazima itajwe: mkanushaji wa Maangamizi ya Wayahudi anamaanisha anachokisema, na Borat hamaanishi. Lakini mfumo unaosambaza vyote viwili hautofautishi, na alilitambua hilo. Muktadha wa hotuba nao haukuwa wa kubuni. Mwaka mmoja kabla, tarehe 27 Oktoba 2018, watu 11 waliuawa kwa risasi ndani ya sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh na mtu aliyekuwa akiandika chuki yake mtandaoni.

Alimrudisha Borat Oktoba 2020 katika filamu ya pili, iliyoonyeshwa na Amazon. Kuna humo tukio linalofanana na Tucson: Juni 2020, katika mkutano wa wapenda silaha mjini Olympia, jimbo la Washington, alipanda jukwaani akiwa amejibadilisha sura na kuimbisha umati wimbo wa kuwadhuru wanasiasa na waandishi wa habari. Safari hii hawakuwa watu waliokuja kunywa na kucheza dansi. Walikuja kwa ajili ya siasa, na walipoitikia waliitikia siasa zao.

Tukio la kukumbukwa zaidi, hata hivyo, liko ndani ya sinagogi. Binti wa Borat amesoma kwenye Facebook kwamba Maangamizi ya Wayahudi hayakutokea, na Borat, ambaye Kazakhstan yake ya kubuni inajivunia mchango wake katika mauaji hayo, amevunjika moyo. Anavaa pua ndefu ya bandia na mavazi ya katuni za kale za chuki, anaingia sinagogini, na kusema amekuja kusubiri shambulio lijalo la risasi. Anakutana na wanawake wawili wazee. Mmoja wao, Judith Dim Evans, ni manusura wa Maangamizi. Hafukuzi mtu, wala hapandishi sauti. Anamwambia kwamba yeye ni Myahudi na amtazame vizuri, anamkumbatia, anambusu, na kumhakikishia kwamba mauaji yale yalitokea kwa kuwa aliyaona. Kwa miaka 16 mbinu ya Borat ilikuwa kusubiri mtu aporomoke kimaadili mbele ya kamera; mama huyu alipewa nafasi hiyohiyo na hakuporomoka.

Baada ya kupiga picha, watengenezaji walimweleza ukweli: kwamba mwigizaji ni Myahudi na kwamba filamu inawakejeli wakanushaji. Ilielezwa kuwa hilo halikuwahi kufanywa katika kazi zake za aina hiyo. Evans alifariki kabla filamu haijatoka, na familia yake ikafungua kesi Georgia ikidai hakuambiwa mapema kwamba ni kejeli. Kesi hiyo ilifutwa mwezi uleule wa Oktoba 2020, na filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake. Tarehe 12 Oktoba 2020, siku chache kabla ya filamu kutoka, Facebook ilipiga marufuku maudhui yanayokanusha Maangamizi.

Kuambiwa ukweli kulikompa Evans heshima hakukuwafikia wote. Kijiji kilichoonyeshwa mwaka 2006 kama kwao Borat hakipo Kazakhstan. Ni Glod, kijiji maskini nchini Romania chenye wakazi wengi wa jamii ya Waroma, waitwao pia Wajipsi, ambao walisema hawakuambiwa kwamba watawekwa kwenye filamu kama wabakaji na watu wasiostaarabika. Walilalamika kwamba walilipwa pesa kidogo, na kesi waliyoifungua Marekani haikuwafikisha popote. Waroma nao waliuawa na Wanazi kwa sababu ya asili yao, na mwaka 1942 serikali ya dikteta Antonescu iliwafukuza takriban 25,000 kutoka Romania kwenda eneo la Transnistria, ambako maelfu walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Baron Cohen aliyefahamu historia ya visima vya Strasbourg aliichukulia jamii hiyo kama mandhari ya kichekesho, na hadhira iliyocheka wapumbavu wanaowaogopa Wayahudi iliwacheka na watu wa Glod bila kuulizwa na yeyote kama inajua ni akina nani. Katika hotuba ya 2019 alikiri kwamba mizaha yake imewahi kukosolewa kwa kuimarisha dhana za zamani. Glod hakuitaja.